Dada aliyebaki na mama: alipwe au asilipwe?

Katika nyumba ya wazee ninayofanyia kazi huku Leeds, kila mgonjwa asiyeweza kujigeuza ana karatasi yake. Ukimgeuza unaandika saa, upande uliomlaza, na herufi za kwanza za jina lako. Saa nne usiku, ubavu wa kushoto. Saa sita, chali. Saa nane, ubavu wa kulia. Msimamizi wetu ana msemo anaourudia mpaka unachosha: kisichoandikwa hakikufanyika.

Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, dada yangu anamgeuza mama kwa ratiba hiyohiyo tangu 2019, mwaka ambao mama alipata kiharusi akapooza upande mmoja. Dada alikuwa Arusha na vyerehani viwili na binti mmoja wa kumsaidia. Alirudi nyumbani kwa wiki mbili, mpaka tujipange. Hatukujipanga. Vyerehani vimeshauzwa. Na karatasi hakuna.

Oktoba iliyopita nikaandika kwenye grupu la familia kwamba dada aanze kulipwa. Sikusema atumiwe chochote, maana hilo tunalifanya. Nilisema alipwe, kila mwezi, kiasi kinachojulikana, kwa sababu anafanya kazi. Mdogo wetu, kitindamimba aliyeko Dar, akajibu kwa sauti ya dakika nne. Kiini chake kilikuwa swali moja: utamlipaje mtu kumtunza mama yake mzazi?

Swali lile si la kupuuza, ingawa siku ile nililipuuza.

Nianze na hesabu yangu, kwa kuwa ndiyo iliyonitia jeuri. Kima cha chini cha mshahara hapa Uingereza kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Tuseme kumuogesha mama, kumlisha, kumbadilisha pampasi, kumgeuza na kufua shuka kunachukua saa tano tu kwa siku, na hapo nimepunja. Kwa mwezi ni saa 150, yaani pauni 1,831 na senti. Mimi natuma pauni 150, mdogo wetu shilingi laki moja akikumbuka. Pesa hiyo inanunua dawa, pampasi, maziwa na umeme, na ikibaki, dada anapata vocha. Halafu mimi na mdogo wangu tunasema, tena kwa nia njema kabisa, kwamba "tunamhudumia mama".

Hesabu hiyo ina kasoro, najua. Bei ya Leeds si bei ya Kibosho, na mfanyakazi wa ndani pale Moshi halipwi hata sehemu ndogo ya hapo. Lakini lengo langu halikuwa kupata bei. Nilitaka tuone kwamba katika familia yetu msaada mmoja una risiti na mwingine hauna. Pesa yangu ikifika, simu ya dada inalia, ujumbe unaonyesha kiasi, tarehe na jina la mtumaji. Baada ya mwaka naweza kujumlisha. Yeye akiamka saa nane usiku hakuna simu inayolia popote. Siku ya kikao cha ukoo mimi nitakuwa na rekodi, yeye atakuwa na maumivu ya mgongo.

Upande wa mdogo wetu nao una mizizi. Tumekua tukiambiwa undugu ni kufaana, si kufanana. Na ukiliangalia vizuri neno "kufaana", kile kiambishi cha -an- kinadai pande mbili: nakufaa, unanifaa. Hakuna mahali kilipotaja mshahara. Mshahara una mwajiri na mwajiriwa; mmoja anaagiza, mwingine anatii, na wakichokana wanaachana. Mdogo wangu anaogopa kwamba tukishaweka bei kwenye kumuogesha mama, kesho tutaweka bei kwenye kumzika, na keshokutwa mtu ataulizwa kwa nini hakumtembelea naye atajibu kwamba hakulipwa. Ameyaona hayo kwa watu, wala hayazushi.

Na hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ilitoka kwa dada mwenyewe. Hakuandika kwenye grupu. Alinipigia Jumapili, baada ya kumlisha mama.

"Mdogo wangu, ukinilipa mshahara nitakuwa hausigeli wenu. Hausigeli akikosea anafukuzwa. Mimi mtanifukuza niende wapi, na hapa ni kwetu?"

Sikuwa na jibu. Neno "kwetu" ndilo lililonikaa kichwani, na nitalirudia.

Lakini kwanza niwatetee walio mbali, maana siku hizi ni rahisi kuwasema kana kwamba kila aliyepanda ndege amekimbia majukumu. Nilikuja 2023 kwa njia ya viza ambayo Uingereza iliwafungulia wahudumu wa wazee Februari 2022. Machi 2024 wakazuia wahudumu wapya kuja na mwenza na watoto. Julai 2025 wakafunga kabisa kuchukua wahudumu wapya kutoka nje. Viza yangu imefungamanishwa na mwajiri wangu. Akipoteza leseni yake ya kuajiri watu kutoka nje, kwa kawaida unapewa siku 60 utafute mwingine au ufungashe. Mtu anayeishi hivyo hawezi kuomba ruhusa ya mwezi mzima akamuuguze mama. Anachoweza ni kutuma. Na anapotuma mara nyingi anafichwa mambo: mama alilazwa siku nane mwaka juzi, nikaambiwa alipotoka. "Hatukutaka upate presha." Ukiwa mbali unageuzwa kuwa mtu wa kuletewa bili na kunyimwa habari, nawe taratibu unajifunza kupiga simu ukiwa na pesa tu. Ukiwa huna, unaona aibu kusalimia.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema aliye nje ana maisha laini. Ila nakiri tuna ugonjwa wetu: tunataka kuamuru kwa mbali. Nani aje kumfanyia mama mazoezi ya viungo, hospitali ipi, kwa nini chumba kina unyevu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini sisi tunaitikisa tu huku huku. Kitabu cha Mithali 27:10 kinasema, "Afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali." Zamani nilidhani ni lawama kwa ndugu. Sasa nauona kama maelezo tu ya jinsi mambo yalivyo: usiku wa mvua mama alipoanguka kitandani, aliyekuja kumnyanyua na dada ni jirani yetu mzee, akiwa amevaa gambuti.

Turudi kwenye "kwetu". Kwa Wachaga kihamba, lile shamba la migomba na kahawa lenye nyumba ya wazazi, kwa desturi humwendea mtoto wa kiume wa mwisho. Desturi hiyo ilikuwa na mantiki yake: kitindamimba ndiye aliyetarajiwa kubaki na wazazi, kwa hiyo nyumba ilikuwa kama malipo ya kubaki. Kumbe basi mababu walilipa! Hawakuita mshahara, na hawakumfanya mtu hausigeli, lakini aliyebaki na mama alijua kuna kitu. Kilichoharibika ni kwamba kitindamimba wa leo yuko Dar, aliyebaki ni binti, na desturi bado inamwangalia yule wa Dar. Sheria za ardhi za 1999, ile Na. 4 na Na. 5, zinasema wazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Lakini sheria haihudhurii kikao cha ukoo isipokuwa mtu aibebe mkononi aende nayo.

Hapo ndipo ninapoachana na mdogo wangu. Anaposema undugu haulipwi, yeye amekaa kwenye upande unaolipwa. Atasema hakuomba, na ni kweli hakuomba. Lakini kama tunakataa kumlipa dada kila mwezi kwa sababu sisi ni ndugu, basi tumwandikie sehemu ya kihamba kwa sababu hiyohiyo, mama angali hai na anaweza kutikisa kichwa mbele ya mashahidi. Tukikataa vyote viwili, hicho tunachokiita undugu ni kazi ya bure yenye jina zuri.

Msimamo wangu sasa umelegea kidogo kuliko ule wa Oktoba. Neno mshahara nimeliondoa. Natuma mara mbili: ya mama inaenda na orodha yake, na ya dada inaenda kwenye namba yake, wala siulizi ameifanyia nini. La ardhi bado linapikwa, na sufuria ni kubwa.

Jambo ambalo halikuwa kwenye hoja ya mtu yeyote, si yangu wala ya mdogo wangu, lilitokea tulipomuuliza dada anataka nini. Ni ajabu kwamba tulibishana wiki tatu kabla ya kumuuliza. Alitaka kwenda Tanga. Binti yake amejifungua huko, mtoto ana miezi mitano, na bibi hajamshika. Mimi kwa mkataba wangu nina siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na nalalamika ni chache. Yeye ana miaka sita bila hata siku moja.

Desemba yetu mnaijua. Wachaga wote wanarudi, mabasi yanajaa, hata treni ya Dar na Moshi iliyofufuliwa Desemba 2019 watu wanaigombania. Wanafika tarehe 22, mbuzi anachinjwa, mbege inapita, picha zinapigwa na mama akiwa amevalishwa kitenge kipya, na tarehe mbili Januari wameondoka. Miaka yote sufuria za sikukuu hiyo alizisugua dada. Safari hii mdogo wetu alifika tarehe 15, peke yake, na kesho yake dada akapanda basi la Tanga.

Nilimfundisha mdogo wetu kwa simu. Usimvute kwapa, utamtegua bega. Tandika shuka iliyokunjwa chini ya mgongo na makalio, ukamate pembe mbili, umvutie kwako kwanza ndiyo umgeuze. Mto katikati ya magoti. Angalia visigino. Nikamchorea karatasi kama ya kazini kwangu, nikaipiga picha, nikamwambia aijaze.

Asubuhi ya kwanza akanitumia picha yake. Saa nne, kushoto. Saa sita, chali. Saa nane, mstari mtupu. Saa nane na dakika ishirini, kulia, na mwandiko umepinda.

Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema alipitiwa na usingizi, dada akampigia kutoka Tanga kumwamsha.