Mkazo, lafudhi na tone la rangi nyekundu

Soma kwa sauti: "Amepita barabara." Ukikaza silabi ya pili kutoka mwisho, ba-ra-BA-ra, mtu kapita kwenye njia kuu. Urudishe mkazo hatua moja nyuma, ba-RA-ba-ra, na sasa mtu kapita sawasawa, bila dosari. Herufi ni nane zilezile. Walakini nalo hucheza mchezo huohuo: waLAkini ni "lakini", walaKIni ni kasoro. Hakuna alama ya kutuonya, na ni nadra tukosee, kwa kuwa maneno ya jirani hutuelekeza.

Kiswahili kimegawa kazi vizuri hapa. Mkazo au shada ni wa silabi, kiimbo ni kupanda na kushuka kwa sauti, lafudhi ni namna mtu anavyotamka. Lugha kadhaa za Ulaya hubebesha yote hayo, pamoja na vialama vya juu ya herufi, neno moja la asili ya Kilatini, accentus, ambalo tumboni mwake mna cantus, yaani wimbo. Ni neno zuri, lakini mzigo ni mkubwa.

Tuanze na maandishi, maana huko ubishi ni mwepesi kidogo. Je, kila mkazo na kila toni (sauti ya juu au ya chini inayobadili maana ya neno) iandikwe? Mwalimu wa Kiyoruba, lugha ya Afrika Magharibi, atakuambia ndiyo, na ushahidi anao: ọkọ ni mume, ọkọ́ ni jembe, ọkọ̀ ni chombo cha usafiri, ọ̀kọ̀ ni mkuki. Hata hivyo wasemaji wengi wa lugha hiyo huandikiana ujumbe wa simu bila alama hata moja, na mume hachanganywi na jembe.

Alama nazo huzeeka. Za Kigiriki, zinazohusishwa na Aristophanes wa Byzantium, mwanazuoni wa Alexandria wa karibu mwaka 200 KK, zilionyesha sauti inavyopanda na kushuka. Matamshi yale yakafa, alama zikabaki, na wanafunzi wakaendelea kuzikariri hadi 1982, Ugiriki ilipoamua kwamba alama moja ya mkazo inatosha. Wafaransa hawakuachia kirahisi hivyo. Mapendekezo ya 1990 yaliruhusu kuvua "kofia" ya juu ya i na u, na ilipojulikana mwaka 2016 kwamba vitabu vya shule vitayafuata, watu walikuja juu. Kofia ile mara nyingi ni kaburi la herufi s: hôpital (hospitali) iliwahi kuwa na s, kama forêt (msitu). Nawaelewa waliokasirika, ila naegemea upande wa wapunguzaji, hasa kwa sababu hawakuwa vipofu: kofia waliiacha palipo na hatari ya kuchanganya, kama sûr (hakika) na sur (juu ya).

Kwenye usemi, mambo ni mazito. Kitabu cha Waamuzi katika Biblia, sura ya 12, kinasimulia Wagileadi walivyovizia vivuko vya Yordani na kumwambia kila apitaye: sema "Shibolethi". Aliyesema "Sibolethi" alijulikana kuwa Mwefraimu, adui yao, akauawa. Walioanguka walikuwa 42,000. Sauti moja tu, sh au s.

Siku hizi hukumu ni ya kimyakimya. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwasikilizisha watu kauli ndogondogo, mfano kwamba twiga hustahimili kiu kuliko ngamia. Zilizotamkwa kwa lafudhi ya kigeni hazikuonekana za kweli sana kama zile za wazawa, ingawa wasikilizaji waliambiwa kwamba wasomaji wanasoma walichopewa tu. Maelezo yao: sikio likichoka, lawama huangukia ukweli wa jambo. Tafiti za baadaye hazikupata matokeo hayo kila mara, kwa hiyo tusiyafanye sheria.

Upande wa pili nao una hoja. Rubani asiyeeleweka hawezi kujitetea kwa utambulisho wake. Lakini tazama usafiri wa anga wenyewe ulivyolitatua: kipimo cha lugha cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kina ngazi sita, na ngazi ya nne, ya chini inayoruhusiwa kwa rubani wa safari za kimataifa, inakubali wazi kwamba matamshi yataathiriwa na lugha ya kwanza, mradi yazuie kueleweka wakati mwingine tu. Kinachopimwa ni kueleweka, wala si kufanana.

Ndiyo maana programu zinazobadilisha lafudhi ya mhudumu wa simu papo hapo zinanikalisha njia panda. Mhudumu huepuka matusi, na hilo si dogo kwa anayetukanwa mchana kutwa. Ila jaribio moja la 2004 lilionyesha kuwa msikilizaji huanza kuzoea lafudhi ngeni ndani ya dakika moja hivi. Programu inamnyima dakika hiyo, na kesho sikio lake litakuwa bado geni.

Mkazo upo hata kwenye picha, na wachoraji walishajua kwamba haumo ndani ya rangi yenyewe, bali hutegemea jirani zake. Mwaka 1832, kwenye maonyesho ya Royal Academy, chuo cha sanaa jijini London, picha ya bahari ya mchoraji Mwingereza Turner, ya kijivu tupu, ilitundikwa kando ya picha ya mwenzake Constable ya mto uliojaa mashua na bendera. Constable alikuwa akiongeza wekundu hapa na pale. Turner akatazama yake, akatazama ya jirani, akaenda kuchukua rangi, akaweka tone moja jekundu, kubwa kidogo kuliko shilingi, katikati ya bahari yake, akaondoka bila neno. Wekundu wote wa Constable ukafifia. Constable alisema jamaa kaja hapa kafyatua bunduki. Siku moja na nusu baadaye, muda wa kurekebisha ukikaribia kwisha, Turner alirudi, akalichonga tone lile kwa brashi likawa boya.