Karatasi ndogo zilizousimamisha mgodi mkubwa

Mwaka 164 kibarua mmoja aitwaye Memmius alikubali kufanya kazi katika mgodi wa dhahabu, kuanzia Mei hadi Novemba, kwa ujira wa dinari 70 na chakula juu yake. Kwa kuwa hakujua kusoma wala kuandika, alimwomba mtu amwandikie mkataba. Ukakwaruzwa juu ya kibao cha mbao kilichopakwa nta, na ndani yake mna kipengele ambacho mpaka leo kinanichekesha kwa ujanja wake: maji yakiingia mgodini na kazi ikakwama, ujira nao upunguzwe kwa hesabu. Tajiri alishajihami mapema. Vibao vya namna hiyo vilikuja kuokotwa karne ya 18 na ya 19 kwenye mashimo ya kale ya Roșia Montană, kijiji cha milimani katika mkoa wa Alba, Romania. Warumi walikuwa wakikiita Alburnus Maior.

Mwaka 2000 wanakijiji wa hapohapo walianzisha chama cha kupinga mgodi mpya wa dhahabu, wakakipa jina hilohilo la Kirumi. Kiongozi wao aliyejulikana zaidi, Eugen David, ni mkulima. Nao pia, kama Memmius, waliwekea tumaini lao kwenye karatasi, na hilo ndilo ninalotaka kulizungumza leo.

Kampuni iliyokuja ni Gabriel Resources ya Kanada, ikaingia ubia na serikali: yenyewe zaidi ya asilimia 80 ya hisa, serikali pungufu kidogo ya 20. Mpango ulikuwa mashimo manne ya wazi, milima minne ipasuliwe, zitoke karibu tani 300 za dhahabu na tani 1,500 za fedha, kwa kutumia sianidi, sumu kali inayotenga dhahabu na mawe. Bonde la Corna, pamoja na nyumba na makanisa yake, lingegeuzwa bwawa la topesumu lililozuiwa na ukuta wa mita 185. Nyumba kwa mamia zibomolewe, makaburi yahamishwe.

Na sianidi hawakuisikia kwenye redio ya mbali. Tarehe 30 Januari mwaka huohuo wa 2000, huko Baia Mare, kaskazini mwa nchi yao, ukuta wa bwawa la namna hiyo ulibomoka. Mita za ujazo 100,000 za maji yenye sianidi zikaingia mtoni, zikavuka mpaka hadi mto Tisza nchini Hungaria, kisha Danube, samaki wakaelea kwa tani na tani. Kiwanda chenyewe kilikuwa hakijatimiza mwaka tangu kianze kazi. Msomaji wa Tanzania aliyeona picha za Mwadui Novemba 2022, lile tope lilipopasua bwawa likamwagika kwa majirani, anaelewa kwa nini mtu wa Corna hakutaka kusikia habari ya ukuta wa mita 185 hata ungejengwa na malaika.

Sasa, ungetegemea waende mahakamani wakalie: waheshimiwa, mgodi huu ni mbaya, uzuieni. Wangeshindwa mara moja. Hakuna sheria inayomkataza mtu kuwa na mgodi mbaya. Walichofanya ni kusoma. Mgodi mkubwa hauna kibali kimoja, una makumi ya vibali, kila kimoja na ofisi yake, mhuri wake na masharti yake, na vimepangwa kama matofali: la chini likitoka, la juu halikai. Chama na mawakili wake wakaanza kuchokonoa tofali moja moja.

Chukua mlima Cârnic. Tumboni mwake zimo njia walizochimba Warumi kwa mkono (kijijini pote zinapita kilomita 7, na kuna mahali mtu hupita kwa kuinama). Ili mlima huo upasuliwe, Wizara ya Utamaduni ilipaswa kwanza kutoa cheti cha kuuondoa kwenye ulinzi wa mambo ya kale. Cheti kikatoka 2004. Wanakijiji wakakipeleka mahakamani, na mwaka 2008 kikafutwa pasipo rufaa tena. Wizara ikatoa kingine 2011. Wakarudi mahakamani vilevile, kana kwamba wameacha kofia yao kwenye benchi. Au chukua cheti cha mipango ya ardhi, karatasi ambayo hata wewe ukitaka kujenga banda la duka unaidai halmashauri. Mahakama ilipokisimamisha, Wizara ya Mazingira ikalazimika mwaka 2007 kuisimamisha Tathmini ya Athari kwa Mazingira yote, mafaili yake yote na wataalamu wake wote. Ilifufuliwa 2010. Miaka mitatu, kwa karatasi moja.

Rafiki yangu mwanasheria huniambia kwamba huko ni kutafuta upenyo, na kesi ya kweli ni ile inayogusa kiini. Simkubalii. Sharti la cheti cha mambo ya kale halikuwekwa kwa urembo. Liliwekwa ili mtu asilipue mlima wenye historia ya miaka 2,000 kwa sababu tu ana haraka. Aliyeshindwa kutimiza sharti hakuonewa. Hao wanaoita masharti "upenyo" mara nyingi ndio walioyaruka.

Nguvu ya pili ilikuwa ya kikaidi zaidi: kuna watu hawakuuza. Kampuni ilinunua nyumba nyingi, nyingi kabisa, lakini si zote, na haikuwa na mamlaka ya kumtoa mtu kwake kwa lazima. Kila kesi ilipokula mwaka, wale wasiouza walikuwa wamepata mwaka mwingine wa kukaa kwao. Wazee husema kawia ufike. Hapa walikawia ili mwingine asifike.

Mwishoni mwa Agosti 2013 serikali ya Waziri Mkuu Victor Ponta ikapeleka bungeni muswada wa sheria maalumu kwa ajili ya mgodi huu mmoja. Ungeipa kampuni uwezo wa kutwaa mali za watu kwa niaba ya dola, na ungeziwekea ofisi za serikali muda wa kutoa vibali. Ukiusoma muswada ule unaona kama ramani ya kesi za kijiji: pale walipokwama ndipo sheria ilipotaka kupasua njia. Mimi huuchukulia kama hati ya serikali na kampuni kukiri kwamba mahakamani wameshindwa.

Mengine yanajulikana. Kuanzia Septemba 1 watu wakajaa barabarani Bucharest, Cluj na miji mingine, Jumapili baada ya Jumapili, wakipiga chini chupa za plastiki zenye kokoto, wakiimba kwamba kampuni haitungi sheria. Seneti ikaukataa muswada Novemba, na bunge la chini likauzika Juni 2014. Magazeti ya dunia yaliandika kana kwamba vijana wa mjini ndio waliouangusha mgodi kwa wiki chache. Sawa, waliupiga teke la mwisho. Lakini walikuta mlango umeshaliwa na mchwa miaka 13.

Kampuni haikuondoka kimya. Mwaka 2015 iliishitaki Romania kwenye Kituo cha Kimataifa cha Usuluhishi wa Migogoro ya Uwekezaji, ICSID, ikidai zaidi ya dola bilioni 4. Machi 2024 wasuluhishi, kwa wingi wao, wakayakataa madai, na kampuni ikaamriwa kuilipa Romania gharama za kesi.

Kituo hicho sisi Watanzania tunakijua vizuri. Sheria ya madini ilipobadilishwa 2017 na leseni za kuhodhi maeneo zikafutwa, waliokuwa nazo walitupeleka hukohuko. Winshear Gold ya Kanada tulimalizana nayo 2023 kwa dola milioni 30. Indiana Resources na wenzake, wale wa nikeli ya Ntaka Hill kule Nachingwea, mwaka huohuo walipewa ushindi wa zaidi ya dola milioni 109, tukakubaliana milioni 90 mwaka uliofuata. Sisemi leseni zile zilistahili kubaki. Ninatazama namna tu. Serikali ikifuta kwa kalamu, mwekezaji anajua wa kumdai. Mradi ukikwama kwa sababu mahakama, kwa maombi ya wananchi wenyewe, imekuta cheti kina kasoro, na mwenye nyumba hauzi, madai hayo yanakuwa mazito kuyabeba. Wasuluhishi waliandika sababu zao ndefu; hii ni tafsiri yangu mimi. Lakini waziri yeyote anayeona vikundi vya wanakijiji kama kero kwa uwekezaji akae nayo jioni moja.

Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inataka umma ushirikishwe kwenye tathmini. Mikutano ya kijiji kuhusu machimbo niliyowahi kuhudhuria, swali la kwanza ni fidia kiasi gani, la pili ni lini. Sijasikia mtu akiuliza cheti kimetolewa na ofisi gani, kwa kifungu kipi.

Hata hivyo nisiwapake mafuta watu wa Roșia Montană. Mgodi wa serikali uliokuwapo ulifungwa 2006, kazi zikaisha, na wengi walioutaka mgodi mpya walikuwa wachimbaji, watoto wa wachimbaji, ambao hawakuona aibu kutaka mshahara. Kijiji kiligawanyika. Nyumba zilizonunuliwa zikabaki tupu, nyingine zikabomolewa. Mwaka 2021 UNESCO iliandikisha mandhari yale kuwa Urithi wa Dunia, na papohapo ikayaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Mtu ambaye ningependa kunywa naye chai ni yule jirani aliyesaini, akapokea pesa, akahamia Recea, mtaa mpya ambao kampuni iliujenga pembeni mwa mji wa Alba Iulia, kisha akakaa miaka yote hiyo akiusubiri mgodi ambao haukuja. Ningemuuliza kama hurudi kijijini siku ya mazishi, na akirudi, huwa anafikia kwa nani.