Minyoo ya matopeni au tembe za kiwandani: kamba mzazi alishwe nini?

Ufugaji wa kamba ukitajwa Mombasa, mazungumzo hugeukia mabwawa: nani ana ardhi Mtwapa, mahoteli yananunua kwa bei gani. Hakuna anayeuliza vifaranga wa kamba watatoka wapi, ilhali hapo ndipo wengi walipokwama. Vikundi vya kando ya hori zetu vimezoea kutegemea vifaranga wa porini wanaoingia na maji ya bamvua. Mwaka huu wapo, mwaka ujao hawaonekani. Anayetaka kufuga kwa uhakika anahitaji kituo cha kutotolesha, na uhai wa kituo uko kwenye chakula cha kamba wazazi.

Wanaoshikilia chakula kibichi wana hoja nzito. Jike wa kamba mkubwa mwenye milia, Penaeus monodon, hutaga mayai laki kadhaa kwa usiku mmoja. Anayetoka kwenye yai hali kitu siku za mwanzo. Anaishi kwa akiba aliyowekewa na mamake. Kamba hawezi kujitengenezea kolesteroli, wala ile rangi nyekundu inayolinda mayai, kwa hiyo lazima avipate kwenye chakula. Ngisi ana kolesteroli na DHA, aina ya mafuta ya omega-3. Minyoo ya matopeni, ile wavuvi wanayochimba kwa chambo, ina asidi ya arakidoni kwa wingi, na kutokana nayo mwili hutengeneza vichocheo vya kukomaza mayai.

Ndiyo maana kazi ya chumba cha wazazi huanza na kisu. Ngisi huchunwa ngozi, hutolewa wino na kile kiuti cha ndani, hukatwa vipande vidogo, husuuzwa. Kwa siku kamba hupewa chakula kibichi cha takriban robo ya uzito wao, kwa awamu kadhaa, na fungu kubwa huwa la usiku maana kamba hula gizani. Kisha mfanyakazi hupita na tochi akimmulika jike mgongoni. Aliyeiva huonyesha mstari mnene wa kijani kibichi kilichokolea, uliotanuka pale mkia unapoanzia. Aliyelishwa vibaya, mstari huo hubaki mwembamba au hufifia bila yai kutagwa. Vituo vingi pia humkata jike jicho moja ili kuondoa homoni inayozuia mayai kuiva. Desturi hiyo siipendi hata kidogo. Tena jike aliyekatwa hutaga mfululizo, na asiposhiba vizuri mayai yake hudhoofika upesi.

Upande wa pili, wa wanaotetea tembe, unaogopa magonjwa, na hauogopi bure. Virusi vya madoa meupe viliingia mashamba ya Msumbiji mwaka 2011 na ya Madagaska mwaka 2012. Bahari yetu ni hiyohiyo. Minyoo inaweza kubeba virusi hivyo, pamoja na EHP, kimelea kinachodumaza kamba. Friza haiui virusi. Joto huviua, lakini hupunguza ubora wa chakula. Ngisi si jamaa wa kamba, kwa hiyo hatari yake ni ndogo. Uduvi na kaa ni jamaa wa karibu. Kuwalisha wabichi ni kujitafutia balaa. Juu ya hayo, chakula kibichi kilichobaki huoza na kujaza tangi amonia.

Tembe za kiwandani hazina usumbufu huo, na unajua kilichomo. Ila mafuta yake huharibika haraka kwenye joto la maghala yetu, na wazalishaji wengi wanaozitumia huishia kuzifanya nusu tu ya mlo. Wakizidisha, idadi ya mayai na ubora wake huanza kushuka.

Mimi naegemea nusu kwa nusu: tembe kwa ngisi na chaza, bila mnyoo hata mmoja wa kuchimbwa horini ambaye hajapimwa. Lakini kuiacha minyoo kabisa kungekuwa hasara. Inafaa ifugwe, kama inavyofanywa Uholanzi na Thailand, kwenye matangi ya mchanga na maji yaliyochujwa. Isilishwe mabaki ya matangi ya kamba, maana ugonjwa utazunguka humo humo. Kuna sababu nyingine inayonigusa zaidi. Kuchimba matope ya hori za Tudor na Port Reitz huumiza mizizi ya mikoko, na kituo kikianza kununua minyoo kwa kilo, mvuvi wa mshipi atashindwa kumudu chambo. Wachimbaji wa sasa wanajua mnyoo gani hukaa wapi na hutoka maji yakiwa vipi. Hao ndio wapewe kazi kwenye matangi hayo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Na kipimo cha PCR, kile cha maabara kinachotafuta chembe za urithi za vimelea, kipatikane hapa hapa Mombasa kwa minyoo na kwa wazazi. KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, ina makao yake Mkomani. Sampuli ikisafirishwa mbali, majibu yatarudi wazazi wakiwa wameshakula, wameshataga, na vifaranga wameshauzwa kwa wafugaji.