Kufuta podi si kuondoa programu

Anayeanza kutumia Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye kundi la kompyuta (klasta), lazima apite hapa: anaandika `kubectl delete pod`, anajibiwa kwamba podi, yaani nakala moja ya programu inayoendeshwa, imefutwa, akiorodhesha tena anakuta nyingine imeshasimama, jina karibu lile lile ila herufi za mwisho. Wengi hudhani klasta imeharibika. Haijaharibika. Podi inasimamiwa na ReplicaSet, inayolinda idadi ya nakala, na ReplicaSet inasimamiwa na Deployment, yaani agizo lako la programu gani iendeshwe na kwa nakala ngapi. Ukiagiza nakala 3, hata ufute usiku kucha, zitarudi kuwa 3.

Basi unafuta mkubwa wao: `kubectl delete deployment duka`. Kwa kawaida podi hupewa sekunde 30 za kumalizia kazi, zikikaidi zinakatwa kwa nguvu. Kimya. Wengi huishia hapo, na ugomvi wangu nao unaanzia hapo.

Service, anwani ya kuzifikia podi, bado ipo. Ingress, mlango wa wanaotoka nje ya klasta, bado ipo, pamoja na ConfigMap yenye mipangilio na Secret yenye nywila za hifadhidata. Kama Service hiyo ni ya aina ya LoadBalancer (kigawa-mzigo) kwenye wingu la kukodi, bili inaendelea ingawa nyuma yake hakuna kitu. Sisi tunaopata shilingi na kulipa dola tunaliona hilo mapema kuliko wengine.

Kuna wanaokimbilia `kubectl delete all --all`. Siipendi amri hii hata kidogo. Inafagia Deployment, Service na podi zote za namespace uliyomo (sehemu iliyotengwa ndani ya klasta), za jirani yako zikiwemo, halafu inaziacha ConfigMap, Secret, Ingress na maombi ya diski (PVC) yalivyokuwa. Inafuta usichokusudia na kuacha ulichokusudia.

Ninachoshikilia ni hiki: ondoa kwa mlango ulioingilia. Uliweka kwa faili, futa kwa faili hilo hilo, `kubectl delete -f duka.yaml`. Uliweka kwa Helm, kisakinishi cha vifurushi vya Kubernetes, tumia `helm uninstall`. Kama mafaili yalishapotea (na mara nyingi yamepotea, tusidanganyane), futa kwa lebo zilizobandikwa kwenye vitu hivyo, ukianza na `--dry-run=client`, isiyofuta chochote, uone orodha. Na kabla ya yote, `kubectl config current-context`, ujue uko klasta gani.

Diski nazitenga makusudi. Helm huziacha PVC zilizoundwa na StatefulSet, inayosimamia podi zenye data ya kutunzwa, na watu hulalamika. Mimi naona ni busara, kwa sababu programu hurudishwa kwa dakika, data hairudi. Ukifuta PVC ambayo volyumu yake (PV, diski iliyopewa ombi hilo) ina sera ya `Delete`, diski yenyewe inakwenda nayo. Angalia sera hiyo kwa `kubectl get pv` kwanza.

Kufuta namespace nzima kunafaa kwa mazingira ya majaribio tu. Ikikwama kwenye `Terminating`, usikimbilie kuondoa finalizer (alama inayozuia kitu kufutwa hadi kisafishwe) kwa nguvu, maana kuna kitu bado kinasubiri kusafishwa, pengine huko huko kwenye wingu linalokutoza. `kubectl get namespace majaribio -o yaml` itakutajia ni kipi.