Ubalda tunamkumbuka, Fiamma je?

Waitaliano wana filamu ambayo hata asiyewahi kuitazama analijua jina lake: Quel gran pezzo dell'Ubalda tutta nuda e tutta calda, ya mwaka 1972. Mimi ningelitafsiri "Lile pande la Ubalda, uchi mtupu, moto mtupu". Kwa Kiitaliano jina lina vina, Ubalda na calda, ndiyo maana halitoki mdomoni. Edmondo Berselli alipoandika kitabu kuhusu Emilia, eneo la kaskazini mwa Italia, mwaka 2004, alikiita Quel gran pezzo dell'Emilia, na wasomaji wakaelewa anakochota.

Filamu yenyewe, iliyoongozwa na Mariano Laurenti, ilidandia mafanikio ya Decameron, filamu ya mwongozaji Mwitaliano Pasolini yenye visa vya kale vya ashiki, iliyotoka 1971. Olimpio, anayeigizwa na Pippo Franco, anarudi kutoka vitani. Alipoondoka alimwacha mkewe Fiamma amefungwa kiunoni mkanda wa chuma wenye kufuli, asije akalala na mwingine. Bwana huyohuyo, aliyemtilia kufuli wa kwake, anaanza kummezea mate Ubalda, mke wa jirani mwenye kinu cha kusaga nafaka. Hapo ndipo ninapoipenda filamu hii kwa dhati. Kicheko kinamwangukia mwanamume mwenye wivu na uchu kwa pamoja, na wasimulizi wetu wa Abunuwasi wangemtambua mara moja.

Lakini kamera haina haki kama kisa. Mume ndiye anayechekwa, mwanamke ndiye anayevuliwa nguo. Mashabiki wanaoisifu leo kama hazina ya utamaduni hulipita jambo hili haraka mno.

Edwige Fenech, aliyemwigiza Ubalda, alizaliwa Algeria mwaka 1948, na yeye alifanikiwa kutoka katika filamu za aina hii. Alikuja kuwa mtayarishaji. Jina lake limo kwenye The Merchant of Venice ya 2004, aliyocheza Al Pacino. Mwongozaji Mmarekani Tarantino naye alimpa jenerali mmoja wa filamu yake Inglourious Basterds jina la Ed Fenech. Heshima hiyo anaistahili kabisa, maana alijua kuchekesha, kipaji ambacho wengi hawakukiona kwa sababu walikuwa wanatazama kingine.

Fiamma aliigizwa na Karin Schubert, Mjerumani. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa malkia wa Hispania katika filamu La Folie des grandeurs, pamoja na mchekeshaji Mfaransa Louis de Funès. Kufika miaka ya 1980 alikuwa akicheza filamu za ngono, huku shida ya pesa ikimwandama. Filamu ileile, soko lilelile. Mmoja amekuwa nembo, mwingine hatajwi hata katika mazungumzo ya watu wanaojiita wapenzi wa sinema hizo, na hilo linaniuma.

Ndiyo maana nikiirudia siku hizi simfuati Ubalda. Namtazama Fiamma, amesimama mbele ya mume aliyetoka safari ndefu, kufuli likiwa kiunoni mwake.