Jamani, hiki cheti cha kidijitali cha kusimba barua pepe, yaani kuzifunga asizisome mwingine, kitatuua!

Hivi nani aliamua kwamba kulinda barua pepe kwenye simu iwe adhabu? Phil Zimmermann alitoa PGP, programu ya kusimba barua pepe, mwaka 1991. iPhone ilianza kukubali S/MIME, njia ya kusimba barua pepe kwa vyeti, mwaka 2011. Miaka yote hiyo, na bado mtu wa kawaida akitaka kusimba ujumbe mmoja anatoka jasho kama anapasua mawe!

Unaomba cheti. Linakuja faili la p12, limebeba cheti pamoja na ufunguo wa siri wa kufungulia barua zako, na limefungwa kwa nywila. Linaingiaje kwenye simu? Watu wa ofisini wanakutumia kwa barua pepe ya kawaida isiyosimbwa, na nywila wameiandika hapohapo chini! Ufunguo wa siri huo, jamani! Sasa tunalinda nini?

Haya, umeweka. Kumwandikia mwenzako kwa siri haiwezekani mpaka uwe na cheti chake cha umma, kile cha kufungia barua zinazokwenda kwake. Yeye hana. Na hata akiwa nacho, mada ya barua, kwa S/MIME ya kawaida, inasafiri wazi. Umeandika pale juu "Majibu ya vipimo vya mgonjwa"? Wameshasoma!

Halafu cheti kinaisha muda. Ukifuta cha zamani pamoja na ufunguo wake, barua zote zilizosimbwa kwacho hazifunguki tena. Simu ikiibwa na huna nakala ya ufunguo, ndiyo basi!

Daktari, wakili, mwandishi wa habari, wote wanabeba siri za watu mfukoni. Kwa nini programu isifanye kazi hii yenyewe, kimyakimya, kama WhatsApp tangu 2016? Wenzangu, nyie mnavumiliaje?