Lugha ya Programu Isiyongojewa na Mtu

Kwa miezi kumi na minne, karibu kila usiku baada ya kazi, niliandika lugha ya programu ambayo hakuna mtu aliyeniomba. Msimbo wake niliuweka wazi mtandaoni tangu wiki ya kwanza, ili anayetaka auchukue na kuubadilisha apendavyo, nikauambatanisha na tangazo refu la mambo ambayo lugha hiyo ingeyafanya ikishakamilika: ingetumia maneno ya Kiswahili, ingekagua makosa kabla programu haijaanza kwenda, ingeendesha kazi nyingi kwa wakati mmoja. Tangazo lile lilikuwa zuri kuliko lugha yenyewe. Nilitumia wiki tatu kubishana na nafsi yangu kama neno la kuanzishia sharti liwe “kama” au “ikiwa”, na kama “la sivyo” lihesabiwe kuwa neno moja au mawili, na mwisho wa wiki hizo tatu sikuwa na hoja moja ya kunifanya nichague upande. Ndipo nilipoacha. Sikuacha kwa uchovu, na ujuzi nilikuwa nao wa kutosha. Nilikosa mtu wa kumwuliza, yaani mtu ambaye lugha ile ingemwondolea adha fulani asubuhi ya kesho yake.

Tangu hapo, kijana yeyote anaponiambia kuwa anataka kuanzisha lugha yake ya programu huria, simkatazi, bali namwuliza ni nani anayeingojea. Wengi hudhani ninawavunja moyo. Kwa maoni yangu ukubwa wa ndoto haujawahi kuwa tatizo, maana lugha nyingi tunazozitegemea leo zilianza na ndoto kubwa kuliko mfuko wa mwenyewe. Tatizo ni ndoto isiyo na mwenye shida.

Mfano ninaourudia mara nyingi ni wa lugha ya programu iitwayo Perl. Mwezi wa Julai mwaka 2000, wakuu wa jumuiya ya lugha hiyo walikuwa wakikutana pembeni ya mkutano wao huko Monterey, California, na mazungumzo yalipozidi kudorora mmoja wao, Jon Orwant, akaanza kurusha vikombe vya kahawa ukutani, kimoja baada ya kingine, ili waone kwamba lugha yao ilikuwa inakufa kwa kukosa msisimko. Muda mfupi baadaye Larry Wall, mwasisi wake, akatangaza kwamba Perl, iliyokuwa imefikia toleo la 5, ingeandikwa upya na jumuiya nzima na kuitwa Perl 6. Jumuiya iliitika kwa mapendekezo rasmi 361. Hebu fikiria meza ya mtu mmoja yenye mapendekezo 361, mengi yakipingana, na kila moja lina mwenyewe anayeamini kuwa ndilo la lazima. Wall aliyachukulia kwa uzito wote, akaandika majibu marefu, na muundo ukazidi kupanuka. Mwaka 2005 Audrey Tang, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri katika serikali ya Taiwan, aliuamsha mradi kwa kuandika Pugs, programu ya kuiendesha Perl 6, katika lugha nyingine iitwayo Haskell, na kwa muda watu wakaweza angalau kujaribu mambo ambayo kabla ya hapo yalikuwa ya kusomwa tu. Hata hivyo toleo la kwanza lililotangazwa kuwa thabiti lilitoka Desemba 2015, wakati wa Krismasi, na mwaka 2019 lugha ikapewa jina jipya la Raku.

Raku ni lugha nzuri; nimeitumia, na namna inavyochambua maandishi sijaona mfano wake. Lakini miaka kumi na mitano ni mingi. Ubaya zaidi ni kwamba tarakimu ile ya 6 iliwaambia watumiaji wa Perl 5 kuwa walichonacho kinaondoka, na mtu akiambiwa nyumba yake itabomolewa hahangaiki kupaka rangi. Toleo la 5.8 la Perl lilitoka mwaka 2002 na la 5.10 likaja mwishoni mwa 2007. Katika kipindi hicho waandishi wengi wa programu za tovuti walihamia Python, PHP na Ruby, na sidhani kama walirudi.

Ukitaka kinyume chake, nenda Rio de Janeiro. Mwaka 1993 Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes, wote wa chuo kikuu cha PUC-Rio, waliunda Lua kwa sababu kampuni ya mafuta ya Petrobras ilikuwa na wahandisi waliohitaji kuingiza na kupanga data zao bila ya wao wenyewe kuwa wataalamu wa programu. Kabla yake walikuwa na lugha ndogo iliyoitwa SOL, neno ambalo kwa Kireno ni jua, na mrithi wake wakamwita mwezi. Hawakuahidi kuiteka dunia. Walikuwa na mteja upande wa pili wa simu, na kila swali la muundo lilikuwa na mahali pa kupelekwa: mhandisi huyu ataielewa au hataielewa? Leo Lua imo ndani ya michezo ya kompyuta inayochezwa na mamilioni ya watoto wasiolijua hata jina lake, na bado ni ndogo kiasi kwamba mtu mwenye subira anaweza kuusoma msimbo wake wote.

Nitaambiwa kuwa Lua ilikuwa na kiasi tangu mwanzo, kwa hiyo haithibitishi kitu kuhusu miradi mikubwa. Basi tuichukue lugha ya Rust, ambayo haikuwa na kiasi hata kidogo, kwani ilitaka usalama wa kumbukumbu, yaani programu isiguse kimakosa sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta isiyo yake, bila kupoteza kasi, jambo ambalo wengi walilihesabu kuwa ama hili ama lile. Graydon Hoare aliianza mwaka 2006 kama kazi yake binafsi, Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, ikaanza kuidhamini mwaka 2009, na toleo la 1.0 likatoka tarehe 15 Mei 2015. Ni karibu miaka tisa, si michache. Tofauti ni kwamba katika miaka hiyo palikuwa na Servo, injini ya kivinjari (sehemu inayozichora kurasa za tovuti) iliyokuwa ikiandikwa kwa Rust wakati Rust yenyewe bado inatikisika. Servo ilipolemewa, lugha ilibadilishwa. Mkusanya taka wa kumbukumbu, yaani sehemu inayofuta yenyewe data isiyotumika tena, aliyekuwamo mwanzoni aliondolewa, na nyuzi nyepesi za utendaji, njia ya kuendesha kazi nyingi kwa wakati mmoja, ambazo watu walizitolea jasho, zikaondolewa kabla ya 1.0. Kukata kitu ulichokijenga kwa miaka kunahitaji sababu inayoonekana kwa macho, la sivyo kila mchangiaji atakitetea chake na hakuna kitakachotoka.

Hapo kuna jambo la haki pia, na pengine ndilo linaloniuma zaidi. Mradi huria unaishi kwa usiku wa watu wengine. Anayeandika lugha kwa ajili ya kujifunza au kwa raha zake, na akasema hivyo waziwazi, hana deni kwa mtu. Anayewaalika watu watoe usiku wao kwa miaka mingi anapaswa kuwaonyesha kazi hiyo itamfikia nani.

Lugha yangu niliifungua tena mwaka jana, baada ya rafiki anayefundisha kompyuta katika shule ya sekondari kuniomba niiwashe kwa ajili ya wanafunzi wake wa kidato cha kwanza. Nilikaa nyuma ya darasa. Katika dakika ya kumi msichana mmoja aliandika ng'ombe = 12, na programu ikamjibu kwamba maandishi hayajafungwa katika mstari wa 1. Nilikuwa nimeruhusu maandishi yafungwe kwa alama moja ya juu, kama zifanyavyo lugha nyingi, nikasahau kwamba alama hiyo kwetu ni sehemu ya neno. Miezi kumi na minne ya lugha ya Kiswahili, na haikuweza kuhesabu ng'ombe.

Nilirekebisha jioni ile ile: maandishi yafungwe kwa alama mbili tu, na alama moja ikiwa katikati ya herufi ihesabiwe kuwa herufi. Kazi za kwenda kwa pamoja nilizifuta zote, mistari zaidi ya elfu mbili. Lile swali la “kama” na “ikiwa” nililipeleka darasani, wakachagua “kama” kabla sijamaliza kuuliza, kisha msichana yule akataka kujua kwa nini ujumbe wa kosa hausemi ni neno gani lililokosewa. Ndilo ninaloshughulika nalo wiki hii.